Mwalimu Aliyetufundisha Pekupeku

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilimvua mwalimu wangu viatu mbele ya darasa zima bila kumgusa, na kwa miezi mingi hakuthubutu kuvivaa tena mahali nilipo. Watoto wengine waliiba maembe ya jirani, wakachapwa, yakaisha. Langu halijaisha. Nikiulizwa kama ninalijutia, huwa naomba kwanza niulizwe yeye alinifanya nini.

Nina kifafa. Siku hizi nasema hivyo kama mtu anavyosema ana macho mabovu, lakini utotoni neno lenyewe halikutajwa nyumbani kwetu. Tulisema "kuanguka". Zalihata ameanguka leo, Zalihata hajaanguka wiki hii. Mwishoni mwa miaka ya sabini tulikuwa tukikaa Andoany, mji mkuu wa kisiwa cha Nosy Be. Asili yetu ni Ngazija, lakini wazee wetu walizaliwa Mahajanga. Fujo zilipowakumba Wakomoro wa Mahajanga, jamaa zetu wengi walipanda ndege kwenda visiwa ambavyo hawajawahi kuviona, na sisi tukakimbilia Nosy Be, watatu tu: mama, mimi, na koko, ndivyo tunavyomwita bibi. Nyumbani tulisema Kikomoro, na tukivuka kizingiti tu, Kimalagasi.

Mama alichuma langilangi katika shamba moja nje ya mji. Maua hayo huchumwa alfajiri, kabla jua halijayaharibu, kwa hiyo alitoka mimi nimelala na kurudi ananukia kama duka la manukato, amechoka hata kusema. Aliyenilea hasa ni koko. Msidhani alikuwa bibi wa kwenye hadithi, mpole, mwenye busara za kugawa. Alikuwa mwembamba, mkali, mnusa tumbaku, na alimkumbuka kila mtu aliyewahi kumkosea tangu alipokuwa mwari, kwa jina lake na jina la mama yake. Tabia hiyo nimerithi kwake, na sikuirudisha.

Yeye ndiye aliyenipeleka zahanati wakati majirani wanamshauri anipeleke kwingine. Muuguzi wa pale akatuandikia vidonge vidogo vyeupe vya gadenali. Koko alivitia ndani ya kopo lake la tumbaku, karibu na mwili wake, na kila jioni baada ya sala ya Magharibi alinipa kimoja na maji. Mwezi wa Ramadhani nilikimeza pamoja na tende ya kwanza. Vidonge vilinisaidia. Badala ya kuanguka kila wiki nikawa naanguka mara moja moja, na kwanza nasikia harufu ya nywele zinaungua, nikapata nafasi ya kukaa chini. Ubaya wake ni usingizi. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito kama nimebeba ndoo, na darasani macho yalifumba yenyewe.

Ndipo alipokuja Madama Viviane.

Watoto wote walimwita Madama, kama ilivyo desturi kwa walimu wa kike. Alikuwa mtu wa upande wa Ambanja, Msakalava, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili, na kila mara alituambia kwamba mizimu na miko ni mambo ya watu wasiosoma. Alikuwa mzuri. Nalisema hilo kwa shida. Alivaa viatu vyeupe vya ngozi, vyenye kisigino, na sakafu ya saruji ilimtangaza kabla hajafika: ko, ko, ko. Sisi wengi tulikuja pekupeku, waliojiweza walivaa ndala. Viatu vile ndivyo vilivyokuwa viatu hasa vya pekee katika shule ile.

Wiki ya pili nikaanguka darasani kwake. Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye. Alipiga kelele watoto watoke, akatoka wa kwanza, akafunga mlango. Watu wa kwetu waliamini, na wako wanaoamini hadi leo, kwamba povu la mtu anayeanguka likikugusa utaanguka nawe. Nilipozinduka nilikuwa peke yangu sakafuni, ulimi unatoka damu, nguo imelowa mkojo, na kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu viwili vyeupe kwenye uwazi wa chini ya mlango. Nikasikia sauti yake ikiuliza, "Ameshakwisha?"

Siku iliyofuata dawati langu lilikuwa limetolewa nje, barazani, karibu na dirisha. Pale nilipoangukia pamemwagiwa majivu. Nikasoma barazani muda wote uliobaki wa mwaka ule. Niliona nusu ya ubao, nusu nyingine nilikisia. Mvua za masika zilipokuja, upepo ulileta maji mpaka kwenye daftari langu na wino ukatambaa. Nikisinzia kwa sababu ya kidonge, alitoa mkono dirishani na kunipiga rula kichwani, kwa sababu rula ilikuwa ndefu na haikumlazimu anisogelee. Nikaanguka mara mbili huko nje. Mara ya pili jino langu la mbele lilivunjika kwenye ukingo wa saruji, na hakuna aliyekuja kunigeuza hata ubavu. Tombo, mama mzee aliyefagia shule, ndiye pekee aliyesogea, naye kwa kutumia ufagio alinisukumia kitambaa nikajifuta damu mwenyewe. Hata huo nauhesabu kuwa wema.

Haya yote ningeyameza. Mtoto humeza mengi. Lakini mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mwaka wetu wa mwisho, nikiwa bado barazani, Madama alisema kwamba sitaandikishwa mtihani wa shahada ya msingi, kwa kuwa mtihani hufanywa ukumbini pamoja na watoto wa shule nyingine, na hawezi kubeba lawama nikiwaangusha watoto wa watu. Bila ile shahada hakuna shule ya mbele. Ningebaki nyumbani, na baada ya nyumbani, shambani kuchuma maua, juu ya ngazi, mimi niangukaye.

Koko akaenda kumwona. Alivaa salova yake ya Idi, nguo ya kujifunga kifuani, akajifunga kishali kichwani, akanishika mkono. Madama hakutukaribisha ndani. Alisimama mlangoni, akaturudisha nyuma kwa kiganja, naye akarudi hatua mbili.

"Mwanangu," koko alisema kwa Kimalagasi chake kibovu, "mtoto anajua kusoma. Naomba umwandike."

"Dady," Madama akajibu, akitumia neno la heshima la kumwita bibi, heshima yenyewe haimo, "mtoto huyu anaweza kufanya kazi isiyo na watu."

Tukaondoka. Tulipofika nyumbani alikaa akanusa tumbaku kabla hata ya kuvua salova. Akaniuliza jina la mama yake Madama. Siku hiyo ndipo nilipoamua.

Nyuma ya uwanja wetu palikuwa na nyumba ya mwanamke mwenye tromba, ndivyo wenyeji wanavyowaita pepo wa wafalme wa zamani wanaompanda mtu. Sisi watoto wa Kiislamu tulikatazwa kwenda, kwa hiyo tulichungulia uani kila mara. Nilijua kila kitu. Akodioni inapigwa, mwanamke yule anatikisika, halafu anatulia ghafla na mgongo unanyooka, na sauti inayotoka si yake, ni ya mzee mwenye kiburi. Watu wanapiga makofi polepole na kusema "Koezy!", salamu ya wafalme. Anapakwa udongo mweupe usoni. Anaulizwa ana kero gani. Na lolote atakalokataza, hilo limekuwa fady, yaani mwiko, na hakuna awezaye kuuondoa ila yeye mwenyewe.

Nikangoja siku tatu ili nisionekane nimepanga. Siku ya nne, Madama akiwa anasoma imla, nikajitupa chini barazani. Nikasikia viti vinaburutwa, watoto wanakimbilia upande wa pili, na zile ko, ko, ko zikirudi nyuma. Nikatikisika kidogo. Halafu nikatulia, nikanyoosha mgongo, nikaketi nimekunja miguu kama mzee, na kwa sauti nzito kuliko niliyojua ninayo nikasema, "Nani amenifungia mlango?"

Ufagio ulianguka. Tombo alikuwa amepiga magoti.

"Koezy, mtukufu," alisema, akipiga makofi. "Wewe ni nani uliyetujia?"

Hilo sikulitayarisha. Jina la mfalme sikuthubutu kulichukua, nilikuwa na hofu yangu bado. Nikamgeukia polepole.

"Tangu lini mfagiaji akamuuliza mfalme jina?"

"Tusamehe, mtukufu. Tusamehe."

Alikimbia akaleta maji. Udongo mweupe haukuwapo, kwa hiyo alichukua chaki za Madama mezani, akazisaga ndani ya kikombe, akanipaka kwenye paji la uso na mashavuni. Mkono wake ulinigusa bila woga. Nilipovunjika jino alinisukumia kitambaa kwa ufagio, na sasa alinishika uso kama yai. Nilikuwa karibu kulia, nikajikaza.

"Una kero gani, mtukufu?"

"Mtoto wangu mnamweka nje kama mbwa. Arudishwe ndani. Aandikishwe mtihani wake."

"Tumesikia."

Ingetosha. Nimejiambia mara nyingi kwamba pale ingetosha. Lakini nikatazama chini nikaviona vile viatu, safi, vimepangana kwenye mstari wa mlango, vikingoja kurudi nyuma tena.

"Na huyu mwenye kwato," nikasema. "Mahali alipo mtoto wangu, asivae viatu. Siku akivaa nitamwangusha kama ninavyomwangusha huyu."

Mahali patakatifu pa wafalme wa Wasakalava huingiwa pekupeku, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Tombo alimgeukia Madama. "Umesikia mwenyewe, Madama. Vua." Madama alicheka. Nakumbuka kicheko hicho, kilikuwa kifupi na hakikuwa na hewa ndani. Mimi nikajilaza nikajifanya nimelala.

Jioni koko alikuwa uani na beseni la kufulia. Habari ilikuwa imeshazunguka mji. Mama amelia, majirani wamekuja, yule mwenye tromba wa nyuma amesema pepo wa aina hii haishi mwili mmoja na dawa ya hospitali: sindano na vidonge kwake ni mwiko. Mama akataka vidonge vitupwe. Koko alingoja mpaka wote walipoondoka, akaniita, akainua gauni langu la shule kutoka kwenye beseni.

"Nguo yako kavu," alisema.

Sikuelewa.

"Mimi ndiye ninayekufulia. Ukianguka hujikojolea, ukajiuma ulimi, ukalala mpaka Alasiri. Leo nguo kavu, ulimi mzima, na umekula sahani mbili za wali." Akaninyooshea kidole. "Huyo mfalme wako alipenda sana wali."

Nikaanza kuomba radhi. Koko aliangalia mlango, akafungua kopo la tumbaku, akatoa kidonge, akakiponda ndani ya ndizi mbivu.

"Mama yako atadhani nimevitupa. Utakuwa unakula ndizi kila Magharibi, na utasema unapenda ndizi. Umesikia? Ukiacha kumeza utaanguka kweli, na watu watafurahi."

"Na Madama?"

Alinusa tumbaku yake taratibu, akafunga macho.

"Na avue," alisema koko.

Asubuhi Madama alikuja na viatu. Nilikuwa ndani, dawati la mbele; mkuu wa shule mwenyewe aliamuru, maana wazazi walikuwa wamejaa ofisini kwake tangu kabla ya kengele. Ko, ko, ko. Darasa zima lilitazama viatu, si ubao. Akaandika tarehe ubaoni. Akaandika nusu ya sentensi. Halafu nikaona mkono wake unatetemeka, chaki inachora vitu visivyokuwa herufi, jasho linamtiririka shingoni asubuhi ile ya baridi. Akageuka kututazama, macho yake hayakutuona, akaanguka chini na ubao ukamfuata.

Watoto wakalia. Mimi ndiye niliyeogopa kuliko wote. Nikawaza: kumbe yupo. Nimemwita kwa uongo na amekuja kwa kweli. Wiki nzima nilisoma Kul-auzu kabla ya kulala mpaka koko akaniuliza nina nini.

Tangu siku hiyo Madama Viviane aliviacha viatu mlangoni. Alikuja navyo, akainama, akavua, akaingia. Mwiko ule ulimhusu mtu mmoja tu katika darasa zima, na hilo ndilo nililolitaka. Miguu yake ilikuwa midogo, vidole vimebanana kwa sababu ya kuvaa viatu vinavyobana, nyayo laini zisizojua ardhi. Alitembea kama anakanyaga kaa la moto. Sakafu ya darasa letu ilikuwa na mashimo, kokoto, misumari ya madawati yaliyovunjika. Rula aliiweka kabatini. Aliponisahihishia daftari aliliweka kwenye kona ya dawati, akavuta mkono haraka, na akaniita "Zalihata" badala ya "wewe wa nje". Sina haja ya kuficha: ile ilikuwa miezi mitamu kuliko yote niliyoijua utotoni. Kila asubuhi nilifika mapema nimwone akiinama.

Muhula wa mwisho alianza kuchechemea. Nikaona kitambaa kwenye mguu wa kushoto. Baada ya wiki kitambaa kilikuwa kikubwa zaidi, na nzi walikuwa wakimfuata. Nikamsimulia koko huku nacheka. Koko hakucheka. Alifunga kopo la tumbaku, akasema, "Basi. Imetosha. Kesho mtolee huo mwiko."

"Ndiyo, koko," nikajibu.

Sikumtolea. Kesho haikufika, wala kesho kutwa. Nilijiambia ningoje mpaka baada ya mtihani, nisije nikafichuka nikarudishwa barazani, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilikuwa bado sijashiba. Nilifanya mtihani ukumbini pamoja na watoto wa shule nyingine, sikumwangusha mtoto wa mtu, nikafaulu. Siku matokeo yalipobandikwa Madama hakuwapo. Walisema amevushwa kwenda Mahajanga, hospitali, na mwalimu mwingine akaja.

Koko alifariki nikiwa shule ya kati, na kopo lake nikalichukua mimi. Nilipofika miaka ishirini nikaondoka Nosy Be kurudi mji wa wazee wangu. Tulipovuka kwa mashua kwenda Antsahampano, bandari ya upande wa bara, mama alinifunga kiunoni kwa kishali chake, mwisho mwingine akaufunga kiunoni mwake, nikiwa mwanamke mzima, mbele ya abiria wote. Nilimwachia. Nilijua nikianguka majini sitapiga hata kelele.

Mahajanga nilipata kazi ya ukarani katika zahanati moja njia ya kwenda Belobaka, zahanati ya maradhi ya kudumu: sukari, presha, pumu, kifafa. Kazi yangu ni kadi. Naandika jina, tarehe ya kurudi, dawa aliyopewa. Miaka miwili nilificha. Nilimeza vidonge chooni, nilikataa kukaa karibu na jiko la kuchemshia vyombo, nikisema moshi unaniumiza. Kisha siku moja nikaanguka kwenye kaunta, foleni imejaa. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa ubavu, kishali kimekunjwa chini ya kichwa, na muuguzi mwenzangu Salima ameketi sakafuni anaangalia saa. "Dakika tatu," alisema. "Lala kidogo, kadi nitaandika mimi." Hakuna aliyekimbia. Nilipolia alidhani ninaumwa kichwa. Nilikuwa ninalilia baraza la shule, kwa hasira, kwa sababu niliona lilivyokuwa jambo rahisi.

Katika kazi hiyo nilijifunza pia sukari inavyofanya. Mtu wa sukari akimeza dawa na asipokula, hutetemeka, hutoka jasho baridi, macho hayaoni, huanguka. Mguu wake hauhisi msumari. Kidonda hakifungi. Siku muuguzi aliponieleza hayo niliweka kalamu chini, nikatoka uani. Hapakuwa na mfalme yeyote. Alikuwa mwanamke wa sukari aliyeogopa darasa lake usiku kucha akaja kazini bila kula.

Unafikiri hapo nililainika? Niliogopa, ndiyo. Kulainika, hapana.

Akaja. Katikati ya miaka ya tisini, asubuhi, pusipusi, kile kigari cha abiria kinachovutwa na mtu, ilisimama mlangoni na mvutaji akamteremsha mama mmoja mwenye magongo mawili. Kadi yake ilikuwa imeletwa kutoka hospitali kubwa, na niliposoma jina sikuhitaji kuinua uso. Niliinua. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti.

Nikaichukua kadi ya Madama Viviane nikaiweka chini ya rundo. Ilipofika juu, nikairudisha chini. Mara tatu. Alikaa barazani, kwenye benchi, jua likamfikia, akasogea, likamfikia tena. Mimi niliandika kadi za watu wengine kwa hati nzuri kuliko siku zote. Karibu na adhuhuri foleni ilikuwa imekwisha, na sikuwa na mtu mwingine wa kumtanguliza.

"Viviane," niliita. Bila Madama.

Aliingia polepole, na magongo yake, na katika mkono ulioshika gongo la kulia alikuwa amening'iniza kiatu. Kimoja. Aliingia pekupeku kwa mguu wake mmoja.

"Ni jino hilo," alisema. "Nilikuona dirishani tangu asubuhi, ulipocheka na mzee mmoja. Nikalijua jino."

"Wewe ndiye uliyelivunja."

"Mimi ndiye." Akaketi bila kuambiwa. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. "Nilikuwa na sukari, Zalihata. Tangu kabla hujaja darasani kwangu. Sikumwambia mtu. Mwalimu mgonjwa asingepewa darasa, na mji ule ungesema nimerogwa. Wewe ukawa unaanguka mbele ya watu wote. Nikawa naona watakavyonifanya."

"Kwa hiyo ukanifanya mimi kwanza."

Alinitazama. Akaegemeza magongo ukutani.

"Ndiyo," alisema.

Kisha akaeleza kilichomleta mbele yangu, mbali na kadi. Daktari amemwambia mguu uliobaki usikae bila kiatu hata ndani ya nyumba, hata hatua moja. Ukipata kidonda, utafuata wa kwanza. Naye huvaa. Lakini zahanati ya dawa zake ni hii, atakuja kila mwezi, na mimi nimo humu. "Siku ile nilipovaa, yule mfalme wako alinitupa chini mbele ya watoto," alisema. "Mtu wa aina hiyo hasahau. Muulize, Zalihata. Muulize kama ananiruhusu."

Miaka mingi nilikuwa nimeitunga sentensi moja na kuinoa. Hapakuwa na pepo, Madama, nilikuwa mimi, nguo yangu ilikuwa kavu, na mguu wako umeliwa na uongo wa mtoto uliyemweka barazani. Ilikuwa tayari mdomoni. Sijapata kuwa na kitu kitamu namna ile mdomoni mwangu. Nilimtazama usoni nikaona ingefika palepale nilipotaka ifike. Nikaona pia kwamba asingeniamini. Angedhani namhurumia, au namtega, na kila mwezi angeingia hapa na ule unyayo juu ya saruji, mpaka ukatwe. Sauti aliyoitii ilikuwa moja tu, na ilikuwa imenifia tangu utotoni.

Nikafunga mlango wa ofisi. Nikajifunika kishali usoni, nikanyoosha mgongo. Nilitafuta ile sauti ya mzee nikadhani sitaipata, lakini ilikuwapo, imenisubiri.

"Vaa," nikasema. "Popote. Hata mbele ya huyu."

Nikamsikia akipiga makofi polepole, mara tatu. "Koezy," alinong'ona, mwanamke aliyetufundisha kwamba hayo ni mambo ya wasiosoma. Nilipofunua uso alikuwa ameinama, anahangaika na kamba ya kiatu, magongo yanamteleza. Sikumsaidia. Nilikaa na kalamu yangu nikamwangalia mpaka akaweza.

Salima alikuwa amesikia nyuma ya mlango. Alipoondoka yule mama, aliniambia Mungu atanilipa kwa kusamehe. Nilimwambia sikusamehe, nimemruhusu tu kuvaa kiatu. Madama alikuja kila mwezi kwa miaka minne, na kadi yake sikuiweka tena chini ya rundo. Mguu wake uliobaki alizikwa nao. Yeye alinichukulia jino na mwaka mmoja wa kusoma. Mimi nilimchukulia mguu, nikijua, baada ya koko kunikataza. Nimezidisha, hesabu hiyo naiona wazi kila ninapoandika kadi ya mtu wa sukari, na bado sijamsamehe.